Anayemchora Mama Foleni

Tarehe 4 Machi

Wifi,

Mimi mzima, na wewe najua u mzima, kwa sababu watu wa aina yako hawaumwi.

Nakala za majaribio za kitabu chetu cha katuni cha kumi na tatu zimenifikia kutoka kwa mchapishaji. Nimezipanga mezani, nikavaa miwani, nikaanza kuhesabu makosa yako mpaka nikachoka. Ukurasa wa tano shingo ya Mama Foleni imekatika. Ninajua skana yako ni ndogo kuliko karatasi zetu, na kila ukurasa lazima uuskani nusu mbili kisha uziunge kwenye kompyuta. Lakini ni miaka kumi na minane sasa unaunga. Hata mtu anayejifunza cherehani angekuwa ameshajua mshono unapita wapi. Mama wa watu amesimama kwenye foleni, kichwa kiko dirisha la tatu, kiwiliwili kiko dirisha la nne.

Ukurasa wa kumi na moja kuna unywele. Umelala kwenye kioo chako, ukaja kulala kwenye paji la uso la karani wa ardhi. Wasomaji watadhani alipigwa panga.

Kazi tuligawana zamani na mgawo haujabadilika. Mdogo wangu anachora kwa penseli, mimi ninapitisha wino na kufuta penseli, wewe unapangusa kioo na kubonyeza kitufe. Kati yetu watatu ni mmoja tu ambaye kazi yake inaweza kufanywa na mtu aliyesinzia, na bado ndiye anayeharibu.

Halafu mwambie mdogo wangu aniandikie mwenyewe. Simu yake haipatikani mwaka wa pili huu, na yako sitaki kuipiga, sauti yako ikiniingia sikioni asubuhi siku nzima imeharibika. Kuja huko siwezi. Niliapa kwenye msiba wa mama kwamba sitakanyaga tena mlangoni kwako, na mimi nikiapa nimeapa.

Wifi yako,
Bi Wino


Tarehe 11 Machi

Bi Wino,

Barua yako nimeisoma nimesimama, haikustahili kiti.

Huo unywele ninaujua vizuri. Haukuwa kwenye kioo. Ulikuwa umenasa kwenye wino wako na kukaukia humo, nami nimeubandua kwa kibano baada ya kupata barua yako. Ni mweupe. Za kwangu bado nyeusi zote.

Mdogo wako hajambo. Barua hapendi kuandika, hilo unalijua tangu mko wadogo, na simu ilimchosha. Usinifanye mimi mlinzi wa mlango wake.

Kurasa nane za mwanzo za kitabu cha kumi na nne nimezifunga humu, na nane za mwisho zinafuata. Mchapishaji anataka zote kumi na sita, zimetiwa wino na kuskaniwa, kabla ya tarehe kumi na tano Mei. Hiki ndicho kitabu cha mwisho tulichokubaliana naye. Akikipenda tutaendelea, asipokipenda Mama Foleni atatoka kwenye foleni na kwenda nyumbani moja kwa moja.

Sasa jambo moja. Vitabu vyote kumi na vitatu vina majina mawili mbele, la mume wangu na lako. Hiki cha kumi na nne ninataka na langu liwemo. Nimemwandikia mchapishaji, anasema yeye hana neno ikiwa nyinyi wawili mtakubali. Mume wangu hajasema hapana. Umebaki wewe. Ninakuomba, na unajua kwamba mimi si mtu wa kukuomba vitu.

Mama Mashine, kama unavyoniita


Tarehe 19 Machi

Mama Mashine,

Nianze na mazuri, maana ya kwako yatakuja na yatakuwa marefu.

Kurasa nane nimezipata. Mdogo wangu sasa amekuwa mchoraji. Ninasema amekuwa, kwa sababu zamani alikuwa hodari tu. Tangu kitabu cha kumi na mbili sijui nini kimemwingia. Wanawake wake wote walikuwa wanasimama kama miavuli iliyofungwa, nami nilikuwa ninawatia wino hivyohivyo, nifanyeje. Leo Mama Foleni ana uzito. Ukimwangalia tu unajua ni mguu upi unamuuma na amesimama tangu saa ngapi. Mkono ulioshika mfuko, umeushika mfuko kweli. Hata bega langu limefurahi. Miaka yote lilikuwa linaniuma kila nikifika kwenye vivuli, sasa huu mwaka wa pili limenyamaza kabisa. Jirani alinipa dawa ya kuchua, inanuka kama mbuzi aliyenyeshewa, lakini imewashinda madaktari wote.

Na mtu mwenye kipaji hiki anaamka kila siku amuone nani? Wewe. Msomee barua hii. Kipande hiki hasa msomee, polepole, ajue kwamba yuko mtu anayeona.

Sasa hilo jina lako. Niliposoma nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Jina la nini, wifi? La kufungua kifuniko na kukifunga? Kama kila anayegusa karatasi anaandikwa, basi tumwandike na kondakta wa basi linalobeba vifurushi, maana yeye angalau hajamkata Mama Foleni shingo. Kuchora ni mkono. Kutia wino ni mkono. Kazi yako wewe ni umeme.

Nimemwandikia mchapishaji siku hiyohiyo. Nimemwambia jina la tatu likiingia la kwangu litoke, na mimi nitoke nalo. Usiniombe tena.

Bi Wino


Tarehe 2 Aprili

Bi Wino,

Kurasa nane za mwisho hizi hapa.

Mchapishaji ameniandikia kwamba jina langu halitawekwa, na ameniletea nakala ya barua yako. Humo umeniita kidole cha kubonyezea.

Kile kipande nimemsomea mdogo wako, polepole, kama ulivyoagiza.

Mama Mashine


Tarehe 10 Aprili

Wewe,

Jana nilitia wino ukurasa wa tisa na bega limeniuma.

Nisikilize vizuri, maana sitarudia. Mdogo wangu ni mtu wa mkono wa kushoto. Mistari yake ya kivuli inalala upande ambao mkono wangu wa kulia hauwezi kuifuata. Kwa hiyo tangu tulipoanza, kila nikifika kwenye kivuli nilikuwa ninailaza karatasi ubavu na kujinyoosha juu ya meza kama mtu anayefagia uvunguni. Hilo ndilo lililoniua bega. Jana nimeigeuza karatasi bila hata kufikiri, nikamaliza, nikajichua. Nikachukua ukurasa wa kumi. Mkono ukataka kuugeuza, ukaona hakuna haja, mistari yote imenilalia vizuri kama niliichora mwenyewe.

Nikakaa chini. Nikazitazama kurasa zote. Zote za upande wa kulia, isipokuwa huo wa tisa. Na huo wa tisa karatasi yake imeanza kuwa ya manjano pembeni, ni wa zamani. Nikaenda kabatini. Kitabu cha kumi na moja, kushoto. Kitabu cha kumi na mbili kinaanza kushoto, kufika katikati kinageuka kulia. Cha kumi na tatu, kulia mwanzo mwisho. Miaka miwili ninamshukuru jirani kwa dawa ya kuchua, kumbe hakuna kilichopona. Nilikuwa sigeuzi karatasi, basi. Miaka miwili, mimi, niliyekuwa ninawaambia watu kwamba penseli ya mdogo wangu ninaijua hata nikizibwa macho.

Mtu haamki siku moja akawa wa mkono wa kulia. Umemwajiri nani? Umempata wapi huyo anayekuchorea kimyakimya, na mdogo wangu umemweka wapi? Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Sitii wino mstari mmoja zaidi mpaka unijibu. Hiyo tarehe kumi na tano Mei mkaitafune.

Dada wa mumeo


Tarehe 17 Aprili

Bi Wino,

Hata ulipogundua, umeshindwa kugundua. Hakuna niliyemwajiri. Ninachora mimi.

Mume akipata kiharusi huwa hakuna kengele inayolia. Alikuwa mezani mchana, mwezi Juni mwaka juzi, anachonga penseli. Penseli ikaanguka, akainama kuiokota, hakuinuka. Upande wa kushoto wote umekwenda, mkono na mguu. Mdomo ulivutika, sasa umerudi kiasi, anaongea lakini polepole. Jambo la kwanza aliloweza kulisema likaeleweka lilikuwa juu yako. Alisema, "Dada asijue. Akijua atakuja kunihurumia, na huruma yake sina pa kuiweka." Akaniapisha. Simu yake akataka izimwe.

Kitabu cha kumi na mbili kilikuwa nusu. Mchapishaji anakitaka. Nikakimalizia. Unajiuliza nimejifunza wapi, kwa sababu kwako mimi ni umeme. Nimejifunza kwenu. Miaka kumi na sita nilikuwa ninaikuza mistari yenu kwenye kompyuta mpaka unywele unakuwa mnene kama kamba, ninafagia doa moja moja, ninaunga shingo na mabega. Hakuna aliyemwangalia Mama Foleni kwa karibu kuliko mimi. Nilijua wanawake wake wamesimama vibaya kabla yako wewe kujua, sema hakuna aliyeniuliza.

Miezi ya kwanza alinielekeza. Alikuwa ananifokea, anasema ninachora kama ninaandika risiti, lakini alikuwa ananielekeza. Halafu ikaja barua yako ya kusifia zile kurasa za mwisho za kitabu cha kumi na mbili. Nikamsomea, nikidhani tutacheka wote, maana umeingia mkenge. Hakucheka. Tangu siku hiyo hajatamka neno moja juu ya mchoro wangu. Nikimaliza ukurasa ninampelekea, anageukia ukutani. Mwaka mzima na zaidi, Bi Wino, ninachora nikiwa peke yangu na mgongo wa mtu.

Kila ukimsifu umekuwa ukimsifu kwa kazi isiyo yake, na yeye analijua hilo. Na kila ukinitukana mimi umemtukana aliyeifanya. Ile barua ya Machi nilimsomea kwa makusudi. Nilikuwa nimechoka na nyinyi ndugu wawili, nikataka na yeye aumie kidogo. Alilia. Hilo ni langu na halinipi raha.

Ukurasa wa tisa nilishindwa kuuwahi, siku mbili nilikuwa naye hospitali. Nikatoa kwenye droo ya zamani huo wa kwake wenye foleni ndefu, ukaingia kwenye hadithi bila taabu. Na pia nilitaka mkono wake uwemo kwenye kitabu cha mwisho. Sikujua kwamba bega lako ndilo litakalosema.

Mke wa mdogo wako


Tarehe 24 Aprili

Mdogo wangu,

Barua hii anakusomea mkeo kwa sababu huna mwingine wa kukusomea. Vumilia.

Ningekuwa karibu ningekuzaba kofi, upande huo mzima. Miaka miwili umelala hapo, umeniacha nikipayuka kwenye karatasi. Hukutaka huruma yangu. Nani alikwambia ninayo? Nilikuwa ninakubeba mgongoni ukiwa na kamasi mpaka miguuni, sikukuhurumia hata siku hiyo, nilikubeba tu. Ningekuja, ningekufulia, ningekutukana, ungekuwa umeshapata nafuu.

Lakini hilo la kuugua nitalimeza. Lisilopita kooni ni hili lingine. Umemwacha mwanamke huyu achore vitabu viwili na nusu, jina liwe lako. Alipoomba jina lake liwekwe, mimi nikamtukana kwa mchapishaji kwa sababu sikujua. Wewe ulijua. Ukanyamaza ukutani huko. Mimi nilikuwa mjinga, wewe umekuwa mwoga, na kati ya hayo mawili bora ujinga wangu.

Kurasa kumi na tano nimemaliza. Umebaki wa mwisho. Niambie kwa mdomo wako, yeye aandike, ni jina la nani linakaa hapo.

Dada yako


Tarehe 29 Aprili

Dada,

Mimi ninasema, yeye anaandika.

Mama Foleni ni wangu. Nilimpata nikiwa nimesimama kwenye foleni ya kitambulisho, nikamchora nyuma ya fomu. Yeye hakuwepo, hata wewe hukuwepo. Miaka ishirini watu wananijua kwa huyo mwanamke. Mguu sina, mkono sina, kula ninalishwa. Limebaki jina. Mnataka na hilo nivuliwe nikiwa kitandani?

Yeye anachora vizuri. Sikatai. Ndiyo maana siwezi kuangalia.

Sahihi yangu iko kona ya chini ya ukurasa wa mwisho. Ameiweka kwa penseli kama anavyoiweka kila kitabu. Itie wino.

Mdogo wako

Nimeandika kama alivyosema, sikupunguza wala kuongeza. Hilo la kwamba ninachora vizuri nimelisikia leo kwa mara ya kwanza, wakati ninakuandikia wewe. Mke wake.


Tarehe 5 Mei

Wifi,

Nimeona aibu. Sijaizoea, kwa hiyo sitaandika mengi.

Barua ya mdogo wangu nimeisoma mara nyingi, na kila mara ninamwonea uchungu na kutaka kumnyonga. Analolisema juu ya kubaki na jina ni kweli. Na ni kweli pia kwamba amejiwekea jina lake kwenye mikono yako. Nimekaa siku tatu na ukurasa ule mbele yangu, nibu mkononi, wino unakauka. Miaka ishirini nimepitisha wino juu ya sahihi ile bila kuitazama. Safari hii nimeitazama, nikaona hata mkia wake umeuiga vizuri, na kwamba umeshaichora mara nyingi kuliko jina lako mwenyewe.

Kurasa zote kumi na sita zimo humu. Sahihi sikuitia wino. Nimeifuta. Kona iko wazi. Nimekuwekea nibu na kichupa cha wino, kimefungwa kwa kitambaa, kifungue taratibu. Andika unalotaka. Ukiandika la kwake sitakuuliza, wewe ndiye unayelala na kuamka naye. Ukiandika la kwako, mchapishaji anajua. Nimemwandikia kwamba ile barua yangu ya Machi aichane, na kwamba tangu katikati ya kitabu cha kumi na mbili anayemchora Mama Foleni ni wewe. Nimemwambia na mimi ndiye ninayejua, bega langu ni shahidi, na akitaka ushahidi zaidi alaze vitabu vyetu mezani atazame mistari inalala upande gani. Kichwa chake kizito lakini hilo ataliona.

Magoti ya wanaume bado huyajui. Nimekurekebishia matatu.

Bi Wino


Tarehe 13 Mei

Wifi,

Kifurushi kilifika Jumanne. Ukurasa wa mwisho niliupeleka kitandani kabla ya kugusa kalamu, nikamwonyesha kona. Hakuhitaji maelezo. Akasema sisi wanawake wawili tumemlia njama. Nikamwambia ndiyo.

Kisha nikauweka ukurasa juu ya ubao wake wa kuchorea, nikaandika jina langu hapohapo mbele yake. Herufi ya kwanza wino umevimba, sina mkono wako. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukuta.

Hakugeuka. Aliuangalia ukurasa mpaka uji wake ukapoa na mimi nikashindwa kumlisha. Nikadhani sasa ndiyo amenichukia kabisa. Halafu akasema, "Kidole gumba kiko upande usio wake."

Nikatazama. Mkono wa Mama Foleni ulioshika fomu, kidole gumba nimekichora nje badala ya ndani. Nimekosea, na wewe umekitia wino hivyohivyo na miwani yako usoni. Nikaleta rangi nyeupe, nikakifunika, nikakichora upya. Akasema sicho. Nikafunika tena. Mara ya tatu akasema hicho ni kidole cha mtu aliyekufa. Nilimjibu vibaya, naye akanijibu vibaya zaidi, mate yanamtoka upande ule uliovutika, nami ninamfuta huku tunagombana. Mara ya tano akanitazama mimi badala ya karatasi, akasema basi, kiache.

Nimeziskani zote jana mchana na kuzituma, shingo nimeziangalia mara mbili. Mchapishaji amejibu kwamba zimefika na kwamba jina litakaa mbele kama lilivyo kwenye kona.

Leo asubuhi nilipokuwa ninamvalisha shati, ameniuliza kitabu cha kumi na tano tunakianzia wapi.

Wifi yako